HAKI ZA MWENZA WA NYUMBA MOJA

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyewajaalia waja wake majumba kuwa ni pahala pa utulivu, na akaifanya haki ya mja juu ya mja mwenziwe kuwa ni nzito. Sala na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na Aali zake, na Sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baad:

Kila mwaka vijana wa Kiislamu huagana na wazee wao Maskati, Sohar, Dubai na Abu Dhabi, wakasafiri kwenda kutafuta elimu Marekani. Kijana huyo amelelewa katika nyumba yenye mama, dada na jamaa, ambamo chakula hupikwa bila ya yeye kujua nani kanunua chumvi. Akifika Louisville katika jimbo la Kentucky, au Columbus katika Ohio, au Buffalo katika New York, hujikuta ameingia nyumba moja na watu watatu wanne asiowajua asili yao. Jiko ni moja, choo ni kimoja, friji ni moja, na mkataba wa kodi ni mmoja. Miji hiyo mitatu imepokea watu wengi kutoka nchi zinazosema Kiswahili na za jirani zake. Columbus ni mji wa pili kwa wingi wa Wasomali nchini Marekani baada ya Minneapolis, na Louisville na Buffalo zimekuwa makao ya wakimbizi wengi kutoka Kongo, Burundi na Somalia. Kwa hivyo huenda mwenza wake akawa mwanafunzi wa Maskati kama yeye, au mtu wa Mombasa, au wa Bukavu, au asiyekuwa Muislamu kabisa.

Watu wengi hudhani kwamba mambo ya nyumba ya namna hii ni mambo ya desturi na uvumilivu tu, wala hayana hesabu mbele ya Mwenyezi Mungu. Dhana hiyo si sahihi. Nyumba ya shirika imejaa haki za waja, na haki za waja hazifutiki kwa istighfari ya ulimi peke yake.

RAFIKI WA UBAVUNI

Katika aya ya 36 ya Suratun-Nisaa, Mwenyezi Mungu (S.W.) ameamrisha aabudiwe peke yake, kisha akaamrisha kuwafanyia wema wazazi wawili, jamaa, mayatima, masikini, jirani wa karibu na jirani wa mbali. Baada ya majirani hao akamtaja mwengine, naye ni as-sahib bil-janb, yaani rafiki aliye ubavuni. Wafasiri wamesema kwamba huyo ni mwenza wa safari, na wengine wakasema ni mke, na wengine wakasema ni kila anayefuatana na mtu katika elimu, kazi au safari. Kauli zote hizo zinarejea kwenye maana moja: ni mtu ambaye mahali na wakati vimemweka karibu nawe.

Basi mwenza wa nyumba ughaibuni amekusanya sifa hizo takriban zote. Ni jirani ambaye baina yake na mwenziwe hakuna hata ukuta. Ni mwenza wa safari, kwa sababu wote wawili ni wageni. Ni mwenza wa elimu, ikiwa wanasoma pamoja. Na ikiwa jirani wa mtaa mwengine ana haki, vipi asiwe na haki yule anayesikia kikohozi cha mwenziwe usiku?

WASHIRIKA NA MKATABA

Katika Suratu Saad imetajwa habari ya wagomvi wawili waliomwingilia Nabii Daud (A.S.) katika mihrabu yake. Mmoja alikuwa na kondoo majike tisini na tisa, na mwenziwe alikuwa na mmoja tu, na yule mwenye wengi akamtaka amkabidhi na huyo mmoja. Katika aya ya 24 imebainishwa kwamba wengi katika washirika waliochanganya mali zao hudhulumiana, isipokuwa walioamini na wakatenda mema, nao ni wachache. Neno lililotumika hapo ni khulataa, nao ni watu waliochanganya vitu vyao. Wakaao nyumba moja kwa kodi moja ni khulataa bila ya shaka.

Dawa ya kwanza ya dhulma hiyo ni kuandikiana. Aya ndefu kuliko zote katika Qur-ani, nayo ni ya 282 ya Suratul-Baqarah, imekuja katika kuandika deni. Anayeona haya kuandikiana na ndugu yake kwa kudhani kwamba ni kumtuhumu, amekosea. Kwani Aliyeamrisha kuandika ndiye Aliyeamrisha udugu.

Na lazima kijana ajue anachokitia saini. Mikataba mingi ya kupanga nyumba Marekani huwekwa kwa sharti kwamba wote waliotia saini wanadaiwa kwa pamoja, na pia kila mmoja wao peke yake anadaiwa kodi yote. Tuchukue mfano: vijana wanne wamepanga nyumba kwa dola 1,600 kwa mwezi, kila mmoja dola 400. Mmoja wao akaona nyumba nyengine iliyo karibu na chuo, akahama katikati ya mwaka. Yeye hudhani amejitoa. Lakini mwenye nyumba atawadai waliobaki dola 1,600 kamili, na wao wamebeba mzigo usiokuwa wao. Hiyo katika fiqhi inafanana na dhamana: kila mmoja amemdhamini mwenziwe. Na Mwenyezi Mungu ameamrisha katika aya ya kwanza ya Suratul-Maidah kutekeleza ahadi na mikataba. Basi anayetaka kuhama hana budi atafute mtu wa kushika nafasi yake kwa ridhaa ya wenziwe na ya mwenye nyumba, au aendelee kulipa fungu lake mpaka muda uishe. Akifanya kinyume cha hayo, amekula mali ya watu, hata ikiwa hakuna mahakama iliyomwita.

Uzito wa deni unadhihirika katika habari mashuhuri ya maiti aliyeletwa kwa Mtume (S.A.W.) ili asaliwe, ikajulikana kwamba alikuwa na deni na hakuacha cha kulilipa. Mtume hakutaka kumsalia, mpaka Abu Qatada (R.A.) alipojitolea kuwa mdhamini wa deni lile. Deni lenyewe lilikuwa dinari mbili au tatu tu.

MAZIWA YA MIQDAD NA UNYASI WA JABIR

Ugomvi mwingi wa nyumba za shirika huanza na kitu kidogo: maziwa yaliyonyweka, chakula kilicholiwa usiku, sabuni iliyokwisha. Imepokewa na Muslim kwamba Miqdad bin Al-Aswad (R.A.) na wenziwe wawili walikuwa hali yao dhaifu kwa njaa, na Mtume (S.A.W.) akawachukua nyumbani kwake. Palikuwa na mbuzi, wakawa wanawakama na kila mmoja anakunywa fungu lake, na fungu la Mtume huwekwa mpaka arudi usiku. Usiku mmoja shetani alimtia Miqdad wasiwasi kwamba Mtume atakuwa amekaribishwa na Ansari, hana haja ya maziwa yale. Akayanywa. Yalipokwisha tumboni, shetani yule yule akamgeukia kwa kumjutisha, na usingizi ukamkataa. Mtume akaja, akasali, akafunua chombo akakuta hamna kitu. Hakupiga kelele wala hakuuliza nani kanywa. Aliinua uso wake akamuomba Mwenyezi Mungu amlishe atakayemlisha. Miqdad akaondoka kwenda kwa mbuzi, akakuta viwele vyao vimejaa tena.

Katika kisa hiki pana mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba udhuru wa mwenye kula fungu la mwenziwe haujabadilika tangu siku hizo: husema mwenziwe atakuwa amekwisha kula huko alikokwenda. La pili ni tabia ya mwenye haki, kwamba upole wake ndio uliomwinua mkosa kutoka mahala pake.

Na kuhusu kitu kidogo, imepokewa kwamba Imam Jabir bin Zaid (R.A.), aliyezaliwa Firq karibu na Nizwa na akakaa Basra, alipita usiku mmoja kwenye ukuta wa watu akachomoa unyasi mmoja wa kufukuzia mbwa njiani. Alipofika aliuhifadhi, na asubuhi akaurejesha. Alipoulizwa una thamani gani unyasi mmoja, alijibu kwa maana ya kwamba lau kila mpita njia angechomoa mmoja, ukuta ule usingebaki na kitu. Basi na kijana anayemfuata Imam huyu katika fiqhi yake amfuate pia mbele ya mlango wa friji.

Wala haikulazimishwa kwamba kila mtu ale peke yake. Katika aya ya 61 ya Suratun-Nuur imebainishwa kwamba hakuna ubaya watu wakila pamoja au mbali mbali. Wakiafikiana kuchanga na kupika kwa zamu, hilo lina baraka na ndilo bora, na tafauti ndogo ya mlaji mwingi na mlaji mchache husamehewa kwa ridhaa yao. Wakiafikiana kila mtu na chake, basi chake ni chake. Kilichokatazwa ni kuchanganya kwa mdomo wakati wa kula na kutenga kwa mkono wakati wa kulipa.

IDHINI, USINGIZI NA SAUTI

Katika aya ya 58 ya Suratun-Nuur, Mwenyezi Mungu ameamrisha hata watumwa na watoto wa nyumbani waombe idhini katika nyakati tatu: kabla ya sala ya alfajiri, wakati wa kupumzika mchana, na baada ya sala ya isha. Nyakati hizo zimeitwa nyakati za faragha, kwa sababu ndizo ambazo mtu huvua nguo zake na kupumzika.

Sasa na izingatiwe hali ya Louisville. Katika uwanja wa ndege wa mji huo kuna kituo kikubwa cha shirika la UPS cha kupangia mizigo, na kazi yake kubwa hufanyika usiku. Maelfu ya watu, na baadhi yao wanafunzi, huingia kazini watu wengine wakilala, na kurejea karibu na alfajiri. Mtu huyo usiku wake ni mchana. Je, mwenziwe aseme kwamba saa nne za asubuhi si katika nyakati tatu zilizotajwa, kwa hivyo ana ruhusa ya kuingia chumbani bila ya hodi, kuwasha taa na kuzungumza kwa simu? Hapana. Sababu ya hukumu ni faragha na mapumziko, na hukumu hufuata sababu yake. Wakati wa kulala wa mfanya kazi wa usiku una hishima ile ile. Ikiwa chumba kimoja hulalwa na mwanafunzi na mfanya kazi wa usiku, basi mwanafunzi atoe vitabu na nguo zake kabla mwenziwe hajalala, na mwenziwe naye arudipo asiwashe taa juu ya kichwa cha aliyelala.

Katika kisa kile kile cha Miqdad imetajwa kwamba Mtume (S.A.W.) alipoingia usiku alitoa salamu kwa sauti ya kumsikilizisha aliye macho bila ya kumwamsha aliyelala. Na imepokewa kwamba aliwakataza waliokuwa msikitini wasipandishiane sauti za kisomo wakaudhiana. Ikiwa kisomo cha Qur-ani kinatiwa mpaka, kelele za televisheni na simu zitakuwaje? Huko Buffalo mwezi wa Juni isha huingia karibu na saa tano za usiku, na majumba mengi ya mji huo ni ya mbao, yenye familia moja chini na nyengine juu, ambamo nyayo za wa juu husikika kwa wa chini. Anayeamka kusali aamke, wala asiiache sala kwa kumwonea haya mtu. Lakini saa ya kumwamsha aiweke karibu na sikio lake, wala asiiache ikalia mara tano naye amelala, ikawaamsha wote isipokuwa yeye.

HITILAFU ZA MADHEHEBU NA DINI

Kijana wa Ahlul-Haqqi wal-Istiqama atakaa na Waislamu wanaofunga mikono katika sala au wanaoleta kunuti. Asali pamoja nao, kwani jamaa haiachwi kwa hitilafu hizo. Akiulizwa kwa nini yeye hufanya hivi, ajibu kwa elimu na upole. Akiulizwa kwa kejeli, anyamaze. Nyumba ya watu wanne si medani ya mijadala ya kila usiku.

Lakini yako mambo ambayo ni juu yake mwenyewe kuyatengeneza. Katika madhehebu yetu, anayechelewesha kwa kusudi kuoga janaba katika Ramadhani mpaka alfajiri ikaingia, saumu yake ya siku hiyo imeharibika. Wenziwe wa madhehebu nyengine hawaoni hivyo, wala si wajibu wao kumpisha bafuni dakika za mwisho za daku. Basi aamke mapema kuliko wao. Ajilazimishe yeye, asiwalazimishe wao.

Ama mwenza asiyekuwa Muislamu, aya ya 8 ya Suratul-Mumtahinah imeruhusu wema na uadilifu kwa wasiopigana na Waislamu katika dini. Ana haki ya kodi, ya usingizi, ya usafi na ya siri yake kama mwengine. Sufuria iliyopikiwa nyama ya nguruwe ioshwe vizuri ikiwa hapana budi kuitumia, kama Mtume (S.A.W.) alivyomwelekeza Abu Thaalaba Al-Khushani alipouliza juu ya vyombo vya Watu wa Kitabu; na lililo bora ni kijana anunue yake, bei yake ni ndogo kuliko ugomvi. Ama pombe, hakuna kuafikiana juu yake: haikai kwenye meza anayokalia Muislamu, wala yeye hainunui katika mchango, wala haibebi. Hilo alieleze kabla ya kutia saini mkataba, kwa maneno mazuri, siyo baada ya chupa kuingia nyumbani.

WAKATI WA DHIKI

Disemba 2022 dhoruba kubwa ya theluji iliupiga mji wa Buffalo kwa siku kadhaa. Magari yalikatazwa njiani, umeme ulikatika katika mitaa mingi, na magari ya wagonjwa yalishindwa kuwafikia waliopiga simu kuomba msaada. Watu zaidi ya 40 walikufa katika wilaya ya Erie, wengine ndani ya magari yao, wengine njiani, na wengine ndani ya nyumba zilizokosa joto. Katika siku kama hizo jamaa wa Maskati hawawezi kumfikia kijana wao, na balozi hawezi, na polisi hawezi. Anayeweza ni yule aliye ubavuni, ambaye jana pengine walinuniana kwa ajili ya vyombo visivyooshwa. Basi na asubiriwe katika vyombo yule atakayehitajiwa katika roho.

KUPATANISHA, NA WAJIBU WA WAZEE

Hitilafu itatokea hata baina ya watu wema. Imepokewa kutoka kwa Mtume (S.A.W.) kwamba si halali kwa Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, wakikutana huyu akageuza uso na huyu akageuza uso, na mbora wao ni yule anayeanza salamu. Watu waliohamana baina ya majumba mawili wana nafasi ya kukwepana. Waliohamana ndani ya jiko moja huadhibiana kila asubuhi.

Na hapa pana nasaha kwa wazee. Mama hupigiwa simu kutoka Columbus usiku, akaelezwa na mwanawe jinsi mwenziwe alivyo mchafu, mbakhili na mwenye kiburi. Mama akalia, baba akaghadhibika, kisha wakampigia simu baba wa yule mwengine, na ugomvi wa vijana wawili ukawa ugomvi wa nyumba mbili za Maskati ambazo zimeoleana miaka arubaini. Na warejee kwenye kisa cha Nabii Daud. Wamesema baadhi ya wafasiri kwamba alilosujudia na kulitakia msamaha ni kuwa alitamka hukumu kwa kauli ya mgomvi mmoja kabla ya kumsikiliza wa pili. Na ikiwa nabii aliyepewa hekima alijaribiwa kwa hilo, mzazi mwenye huruma ajihadhari zaidi. Amwulize mwanawe kwanza: Na wewe mwenziwo angesema nini juu yako? Kwa kawaida baada ya swali hilo simu hunyamaza kidogo.

SIKU YA KUONDOKA

Miaka minne hupita upesi. Siku ya kufunga mizigo hufika, na kila mtu huelekea kwao: mmoja Maskati, mmoja Mombasa, mmoja anahamia jimbo jengine. Huenda wasionane tena mpaka Siku ya Kiyama. Na itikadi yetu ni kwamba mwenye kung'ang'ania maasi akafa bila ya kutubia hana shafaa ya kumwokoa, na kwamba toba ya dhulma ya mja haitimii ila kwa mambo manne: kuacha, kujuta, kuazimia kutorejea, na kuirudisha haki kwa mwenyewe au kumwomba aisamehe. Mwenye kusema astaghfirullah naye ana dola 60 za mwenziwe za umeme amefanya matatu na ameliacha la nne.

Basi kabla ya kutoa ufunguo, na wakae pamoja. Wahesabu kodi, umeme, gesi na vilivyovunjika. Amana aliyowekewa mwenye nyumba hurudi baadaye. Sheria ya Ohio humpa siku 30 baada ya wapangaji kuondoka. Mara nyingi cheki hufika kwa mmoja tu aliyebaki mjini, na wenziwe wamekwisha ruka. Fedha hiyo mkononi mwake ni amana, si bahati. Ni wajibu wake kuwatafuta na kumfikishia kila mmoja fungu lake, hata likiwa dogo.

Na aliyekwisha kuondoka zamani, akamkumbuka mwenza aliyemdhulumu, amtafute kwa kila njia, ampe haki yake. Akiwa amekufa, awape warithi wake. Akikata tamaa kabisa ya kumjua alipo, basi atoe kiasi hicho kwa masikini kwa niaba ya mwenyewe, na aandike katika wasia wake kwamba mtu huyo akitokea, alipwe. Ama mambo yasiyokuwa mali, kama kusengenya na kuvunja hishima, amwombe msamaha kwa maneno yaliyo wazi. Na mwenye kuombwa asamehe, kwani naye ana wa kumwomba.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana wetu katika nchi za mbali, awape wenza wema na awajaalie wao kuwa wenza wema, azitakase dhima zao na haki za waja, na awarejeshe kwa wazee wao wakiwa na elimu yenye manufaa na dini iliyosalimika.

Wa billahi taufiq.